Bata Mzinga Kaliwa, Sahani Hazijarudi

Bi Esha, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mtanda, Lindi, na ukurasa wako nimeujua kwa sababu ya sukari, maana dukani hufungia sukari kwa magazeti ya zamani na mimi huomba nifungiwe karatasi yenye majibu yako, lakini safari hii nimemwomba mwenye duka aniwekee gazeti zima la mwezi ujao, kwa hiyo tafadhali usiniache. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la nne basi, mwandiko wangu utanisamehe, na ukiona maneno hayana kituo ujue nikisimama nitalia. Naomba unishike mkono kwa jambo ambalo mwanzo wake ni bata mzinga, najua utacheka, hata mimi ningecheka kama lingempata mwingine, lakini mwezi mzima sasa naishi hapa kama mgeni aliyeshuka jana na sijui nimekosa nini.

Kwetu ni Njinjo, nimeolewa Lindi na Klementi, ambaye yuko kazini Nachingwea kwenye mashamba ya karanga, anaendesha trekta, huja nyumbani mara moja kwa miezi mitatu, na unga wa posho hunitumia kwa lori. Hapa sina mama wala shangazi. Niliyemkuta ni jirani yangu Biasha, mjane, mtu mzima, Mwislamu wa sala tano, na huyo ndiye aliyenipokelea mtoto, ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini, na tangu Sebastiani wangu azaliwe hajaogeshwa na mikono mingine, maana mimi nikimshika na sabuni anateleza kama kambare, naogopa, na Biasha humgeuza kwa mkono mmoja huku ananisimulia habari za kisimani. Namwita mama. Tulikubaliana siku ya ubatizo yeye hataingia kanisani, lakini atamwogesha, atamvika kanzu nyeupe, atambeba mpaka mlangoni, na pale mlangoni ndipo atanipa mimi.

Ubatizo ulikuwa uwe Jumapili moja ya Februari, kabla ya Kwaresima, na Klementi akaniletea habari kwamba anakuja na wenzake kumi wa kazini, mmoja wao ndiye atakayemsimamia mtoto, kuku hawatatosha, nikanunue bata mzinga kwa Evaristo wa Mingoyo, na apikwe mzima na atoke mzima, kama alivyoona kwa bwana wake. Basi nikaenda. Evaristo alikuwa mpishi wa Wazungu wa mkonge zamani, sasa anafuga ndege hao nyuma ya nyumba, akanitolea dume mmoja, akifura mabawa yanakwaruza chini na uso unageuka mwekundu halafu buluu, na kile kinyama cha usoni kinamning'inia juu ya mdomo, Sebastiani mgongoni akaanza kupiga kelele. Evaristo akaniambia, "Usimwangalie uso, bibi, mwangalie kifua." Akaniambia tena, kabla ya kumchinja nimnyweshe tembo la mnazi kijiko kimoja nyama ilainike, lakini hilo sikulifanya, kwa kuwa nilijua majirani zangu Waislamu watakula, sikutaka kuwatia wasiwasi. Nilirudi juu ya lori la mkonge, bata yumo ndani ya tenga, dereva akipiga honi naye anaitikia, mpaka dereva akatoa kichwa nje akaniuliza, "Mama, huyo abiria wako nauli yake nani analipa, maana anaongea kutushinda sote."

Jumamosi asubuhi nilimwita mzee Fakihi amchinje, kama tufanyavyo hapa sisi Wakristo, ili kila atakayependa ale. Nikamnyonyoa peke yangu kwa maji ya moto, nikampaka ndimu na tangawizi na kitunguu saumu, na sufuria kubwa ya shughuli nikaazima kwa Biasha. Alitaka kuja kunisaidia, nikamwambia, "Pumzika mama, leo nataka nikupikie mimi." Nikapalia makaa juu na chini kama mtu anayepika mkate wa kumimina, lakini miguu ilitoka nje mfuniko ukakataa kukaa, ikabidi nimkunje, nimfunge kwa kamba ya ukindu, nimkalie mfuniko na jiwe la kusagia. Mtaa mzima ulinukia. Aliiva alasiri, mwekundu vizuri, kifua kimepasuka kidogo tu, nikajisifu moyoni, Mungu anisamehe.

Ndipo yule dereva wa lori akasimama mlangoni. Akauliza, "Mama, abiria wako hajambo?" Nikamwambia yumo sufuriani. Akacheka kidogo halafu akaacha, akasema mto umepanda juu ya daraja huko ng'ambo ya Mingoyo, malori yamepangana, Klementi na wenzake wako upande wa pili na hakuna atakayevuka kwa siku nne. Padre akasema bila baba na msimamizi wa mtoto tungoje Pasaka.

Sasa mimi na mtoto wa miezi mitano na bata mzima aliyeiva, na joto la Lindi unalijua, kesho kutwa angekuwa wa kutupwa. Nikasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nina sahani nane za maua nilizopewa arusini, nikamkata bata nikajaza sahani zote nane, nikazifunika kwa kawa, nikazipeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba, mtoto mgongoni. Paja zima na mguu wake nilimpa Biasha, likatokeza nje ya sahani. Alifunua kawa akatazama, akasema, "Mwanangu, hili lote?" Nikamwambia, "Lote, mama, kwangu lipo jingine." Nilifikiri namfurahisha. Akasema Mungu akuzidishie, akarudisha mlango taratibu.

Bi Esha, tangu siku ile sahani zangu hazijarudi. Imerudi moja tu, ya Jamilabai mke wa mwenye duka, ilirudi kesho yake ina tende na kipande cha halua. Saba zimekaa kimya. Na wenyewe nao wamekaa kimya, nikipita wananisalimu wakiwa wanaingia ndani. Wiki ya pili nikamfuata Kudra, rika yangu, nikamwambia naomba sahani yangu nina wageni, na wageni sikuwa nao, nilisema uongo. Akanitazama miguuni akasema, "Sahani yako ipo, shoga, haijavunjika. Sisi hatuli vyombo." Tangu hapo hata salamu sipati.

Haya yote ningeyameza, lakini Biasha haji. Jumatatu ya kwanza nilichemsha maji nikangoja, nikaenda kumwita, akasema mgongo. Kesho yake mgongo. Wiki ya pili akanijibu yuko nyuma ya mlango, "Kesho, mwanangu, kesho," na kesho yake haikufika. Namwogesha mtoto mwenyewe, analia, nami nalia, maji yanapoa. Juzi alfajiri nimemwona anatoka peke yake kuelekea porini ana kijiti cha kuchimbia, akarudi jua limepanda, kucha zimejaa udongo, kikapu amekifunika kwa kanga, aliponiona akapita uchochoro mwingine. Kisimani nikauliza, mmoja akasema, "Anayefukua mizizi alfajiri peke yake mwache na siri yake," na mwingine akasema, "Chunga mtoto wako." Nikarudi mbio, nikamvua Sebastiani ule uzi ambao Biasha alimfunga kiunoni siku ya arobaini, nikautupa jalalani. Halafu nikaurudia nikautafuta mpaka nikaupata, nikaufua, sasa ninao mkononi, sijui nimfunge ama nisimfunge.

Je, nyama ile ilikuwa na ubaya? Tumbo hakuna aliyeumwa, nimeulizia. Au ni kweli wasemavyo kuwa ndege mwenye uso ule haliwi? Nidai sahani zangu, au nirudi Njinjo mpaka Klementi aje? Nikisema kweli, Bi Esha, sahani sizitaki. Nataka Pasaka ikifika Biasha ambebe mwanangu mpaka mlangoni. Majina ya watu nimeyataja kwako tu, ukiandika tafadhali yageuze.

Mimi mwanao,
Mama Sebastiani, Mtanda, Lindi, Machi 1949


BI ESHA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Mama Sebastiani. Majina nimeyageuza, na lako pia, hata la mtoto. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilimcheka yule abiria wa lori, mara ya pili sikucheka. Pasaka haingoji, kwa hiyo wenzako walioandika mbele yako wataniwia radhi, nakujibu wewe kwanza.

Ule uzi mfunge mtoto. Weka gazeti chini, umfunge, halafu urudi tuendelee.

Bata wako hakuwa na ubaya wowote. Alichinjwa sawa, alipikwa sawa, na uso wake ungekuwa na neno, angeanza kuumwa Evaristo anayeutazama kila siku. Hakuna aliyekuchukia, mwanangu, wala hakuna anayekuroga. Jibu la swali lako umeliandika mwenyewe ukalipita. Katika sahani nane iliyorudi ni ya nani? Ya mke wa mwenye duka. Ilirudi na nini? Na tende na halua. Sasa niambie, wale saba wengine wana duka?

Umelelewa Njinjo, unajua kama nijuavyo mimi niliyezaliwa Kilwa Kivinje, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kikija na samaki kinarudi na maandazi, kikija na mchuzi kinarudi hata na ndimu tatu. Lakini wewe unga wako unakuja kwa lori, ndiyo maana hukuona mwezi. Februari mahindi mapya bado ni maji matupu, ghala limebaki vumbi, watu wanakula mara moja na kulala mapema. Mwezi huo ndipo ulipolipitisha mtaani paja la bata mzinga linalotokeza nje ya sahani, tena ya maua, ya arusi. Mjane arudishe nini ndani ya sahani ile? Akuulize "hili lote?" nawe umjibu "kwangu lipo jingine"? Maneno hayo ulisema kwa mapenzi, najua. Lakini yeye alikaa nayo ndani, mlango umefungwa, akitazama lile paja.

Kutoa ni moyo, umesema kweli. Na kupokea nako kuna moyo wake, nao huchoka. Mwaka mmoja wa njaa jirani yetu alimletea mama yangu bakuli la nyama ya mbuzi. Tuliila siku moja, bakuli likakaa uvunguni mwa kitanda tangu mvua za kwanza mpaka mbaazi zilipokomaa, na miezi yote hiyo mama alikuwa akienda kisimani kwa njia ya mbali, asipite mlango wa yule bibi. Sisi watoto tulidhani wamegombana. Siku mbaazi zilipochumwa alizipika kwa nazi, akalijaza bakuli mpaka likamwagika, akalipeleka mwenyewe, wakacheka na yule bibi hadi magharibi. Majirani zako saba wana bakuli uvunguni, mwanangu. Nawe ukaenda kumdai Kudra, tena kwa wageni wa uongo. Hapo nakugombeza. Ulimwambia mtu mwenye aibu kwamba umeiona aibu yake.

Na Biasha. Mtu mzima ametoka alfajiri na kijiti, karudi na udongo kwenye kucha na kikapu kimefunikwa, mwezi wa njaa, na wewe mtoto wa shamba, mjuzi wa pori, ukasikiliza maneno ya kisimani ukaona dawa. Mimi naona ming'oko. Anachimba ile ya mwisho iliyobaki, anaificha chini ya kanga kwa sababu hataki mtoto wake mwenye unga wa posho ajue mama yake anakula mizizi ya porini. Na mgongo unaomuuma, usifikiri anakudanganya. Mgongo wa mchimbaji unauma.

Sasa nisikilize. Sahani usimtajie mtu tena, hata kwa mzaha. Wale sita wengine, kila siku chagua mlango mmoja ukaombe kitu kidogo. Kwa huyu omba kaa la moto, kwa yule chumvi ya kidole, kwa mwingine jani la mchaichai la kumchemshia mtoto. Kudra umwendee wa mwisho, mwambie, shoga, naomba ndimu, na umkalie kidogo umsikilize yeye. Mtu akikupa kitu amesimama sawa nawe, sahani zitajirudia zenyewe.

Klementi atataka bata mwingine Pasaka, wanaume ndivyo walivyo. Mnunue, lakini usimpike peke yako tena. Biasha alitaka kuja kukusaidia ukamwambia apumzike, pale ndipo ulipokosea kabla hata ya sahani kutoka. Wanawake waje mapema, huyu anyonyoe, huyu akune nazi, huyu apepee moto, na ndege akatwe vipande, Klementi na bwana wake wanisamehe. Aliyemnyonyoa ndege wako akiondoka na nyama jioni, ameondoka na jasho lake, hana sahani ya kurudisha. Mifupa na shingo na mabawa chemshia muhogo, ni supu ya siku mbili. Mafuta yake yachuje uweke ndani ya kopo, yanakaangia mboga vizuri. Na nyama ikibaki, ichambue, itie chumvi na pilipili, uikaange mpaka ikauke, uitundike juu ya moshi wa jikoni, itakufikisha wiki ijayo bila kumsumbua mtu.

Lakini kwa Biasha usingoje Pasaka. Kesho alfajiri mfunge mtoto mgongoni, kasimame kwenye njia ya porini, umngoje. Usipeleke unga, usipeleke chochote, mikono mitupu. Akija mwamkie, umwambie, "Mama, tangu nijifungue nina hamu ya ming'oko, twende wote." Atakataa mara moja, pengine mbili. Wewe mfuate, ushike kijiti uchimbe, mgongo wake upumzike. Mkirudi ingia kwake, umwache aichemshe, uketi chini kama unavyoketi siku zote. Unga wako utapata njia yake baadaye, akija kumwogesha mtoto mkala wote sufuria moja.

Ikiiva atasimama kutafuta chombo cha kukupakulia. Hapo, mwanangu, mtazame mtoto, usitazame anakwenda wapi wala anainamia uvungu gani. Chombo atakichagua mwenyewe. Ukiletewa, kula umalize, halafu umwambie maji ya Sebastiani yako motoni.